Kuku Aliyevuliwa Nguruwe

Mama yangu hakuwahi kula chochote nyumbani kwangu mpaka alipokuwa amekwisha sahau kwa nini hali.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniuliza kwa nini nilimrudisha Nyamirambo, wanataka niseme nilichoka. Nilichoka, ndiyo. Mtu akimtunza mzazi anayejikojolea huku ana mtoto mchanga mgongoni, asipochoka ana ugonjwa. Lakini si uchovu uliomrudisha. Ni kuku.

Nimezaliwa Nyamirambo, hapa Kigali, karibu na msikiti, kwa watu ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na nguruwe ni tusi. Nikaolewa na Mkatoliki aliyekulia Uganda, nikahamia Kinyinya, huku ambako kila ukiamka kuna nyumba mpya mbele ya dirisha lako. Mama hakunilaani. Walikuwepo waliomwambia anilaani, akawajibu kwamba mtoto ni wake, wao wakalaani wa kwao. Ila aliniwekea sharti ambalo hakulitamka hata mara moja. Nilipojifungua hospitali ya Kibagabaga, alikuja na chupa ya uji akaninywesha kama kinda la ndege. Niliporudi nyumbani, alikuja kunitembelea na chapati zake ndani ya kitenge, chai yake, kikombe chake, akakaa barazani na mjukuu mapajani, akala vya kwake. Nikimletea hata ndizi mbivu anasema, "Nimeshiba, mwanangu."

Ndizi! Ndizi ina ganda lake, inahusiana nini na nguruwe? Lakini ilikuwa imekaa kwenye meza yangu, kwenye sahani yangu. Nilijua anachofikiri, naye alijua kwamba najua, tukawa tunachekeana pale barazani kama wajinga wawili. Akiondoka naingia jikoni napiga sufuria chini.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu akaanza kusahau.

Alikuwa akiishi kwa kaka yangu, fundi cherehani, na mke wake na watoto wao. Alianza na vitunguu. Anakwenda kununua vitunguu, anarudi, anaviweka, anakwenda tena kununua vitunguu. Nyumba ya kaka ikajaa vitunguu mpaka chini ya kitanda. Tulicheka. Mtu hucheka mwanzoni, asikudanganye mtu. Baadaye akasahau njia ya kurudi na hivyo vitunguu. Baadaye akasahau majina yetu, langu la kwanza.

Siku moja nikaenda ghafla, nikamkuta amekaa kitandani, amelowa tangu asubuhi, shuka imemganda mapajani. Mke wa kaka yuko nje anauza mkaa.

"Wifi, umeona hali hii?"

"Nimeona. Nina wateja, nina watoto, nina mikono miwili. Wewe wa Kinyinya huja na sabuni ya kunukia, unamuosha, unaondoka. Mimi nabaki."

Kaka hakuinua hata kichwa kwenye cherehani yake. "Mchukue basi," akasema. "Si una vyumba?"

Nikamchukua. Siku hiyohiyo, na mfuko mmoja wa nguo, ndani ya teksi, kwa sababu kwenye pikipiki angeanguka. Hasira yangu ilikuwa tamu siku hiyo. Nilihisi kama nimemwokoa kwenye moto.

Sasa kulikuwa na tatizo moja. Chumba cha nyuma, nilichomweka, kilikuwa kimeahidiwa mdogo wa mume wangu, kijana ambaye angeanza kazi kwenye ujenzi huku kwetu. Na katika ukoo wa mume wangu watu wawili hawaamui jambo, hata kama watu hao ni mke na mume na nyumba ni yao. Jambo linaamuliwa mezani Jumapili, ukoo mzima, baada ya kula. Si kabla. Ukileta shauri watu wana njaa, mama mkwe anakuangalia kana kwamba umeingia kanisani na viatu vya tope. Kwanza wanakula, wanashiba, wanachokonoa meno, ndipo mtu anakohoa na kusema, "Kuna neno."

Jumapili hiyo zamu ilikuwa yangu. Kwa hiyo mahesabu yangu yalikuwa mepesi: niwalishe vizuri, kisha nikohoe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinitumia video kwenye simu. Kuku aliyetiwa viungo, akavingirishwa beikoni, akaokwa. Beikoni ni nguruwe aliyekatwa vipande vyembamba kama utepe, wa chumvi na moshi. "Ukitupikia hii," akaniambia, "utapewa hata nyumba yangu." Jumamosi akanishushia pakiti za beikoni mlangoni, akakimbia na gari lake. Mume wangu alipoziona usoni kwake kukawa Krismasi. Anapenda akabenzi, ndivyo nguruwe anavyoitwa hapa Kigali, kama vile ni gari la kifahari na si mnyama wa matopeni.

Mimi siili. Dini niliiweka kando, watoto wangu wamebatizwa, sijasujudu tangu niolewe, lakini nguruwe koo langu linamkataa. Kupika nampika. Navaa mifuko ya nailoni mikononi, mume wangu ananicheka, "Daktari wa upasuaji," na mimi nampika.

Kuku niliwanunua wazima, nikawapeleka kwa mchinjaji Mwislamu, wote, kwa ajili ya fungu la mama. Yule mzee akawaelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Nikarudi nao Kinyinya na kuwavika nguruwe. Nikiwa navingirisha nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Niliwapaka mafuta, kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi, pilipili manga, limau, haradali kidogo. Mapaja niliyatoa mfupa, nikayakunja, kila moja nikalifunga utepe wake wa beikoni na kulichoma kijiti cha meno ili lisifunguke. Niliyapanga kwenye trei, yakaingia kwenye oveni. Fungu la mama sikuthubutu kuliweka humo, mafuta ya nguruwe huruka. Nililipikia nje, kwenye jiko la mkaa, ndani ya sufuria mpya ambayo haikuwa imeguswa na kitu: mchuzi wa nyanya na karoti, kama alivyonifundisha. Mwanangu mkubwa, wa miaka minne, alikuwa ananifuata nyumanyuma.

"Hii ya bibi?"

"Ya bibi."

"Na ile?"

"Ya baba na shangazi. Ya nguruwe. Bibi hali nguruwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye ni bibi."

Jibu la kijinga, lakini nilikuwa na haraka.

Walikuja jioni, mama mkwe, wifi na mume wake, na yule kijana wa chumba. Nyumba nzima ilinukia. Niseme ukweli, hata mimi ambaye siili, ile harufu iliniingia: moshi, kitunguu saumu, mafuta yanayochirizika. Mama alikuwa amekaa mezani pamoja nao, nimemwogesha, nimemvalisha mtandio wake wa kijani, na alikuwa akigeuza shingo kutafuta inakotoka. Mchuzi wangu wa nje haukunukia kitu. Nani angeusikia?

Wakasali sala yao. Nikawawekea trei mezani, mafuta yanachemka, beikoni imekuwa ya rangi ya shaba. Wakapiga makofi. Wifi akasema, "Sha, umetuua!" Nikatoka nje kuchukua sufuria ya mama, na mtoto mchanga mgongoni akaanza kulia, nikasimama pale kwenye mkaa nikimtikisa.

Nikamsikia mama kupitia dirisha. "Bismillahi," akasema, kwa sauti ileile ya utotoni mwangu.

Nikafurahi! Nilidhani amepewa maji.

Nikaingia na sufuria. Mbele yake kulikuwa na sahani, na kwenye sahani paja la kuku, limevuliwa. Michirizi ya utepe ilikuwa bado imebaki kwenye nyama, inameremeta mafuta, na tundu la kijiti. Beikoni yenyewe ilikuwa imekunjamana ukingoni mwa sahani kama bendeji iliyofunguliwa kwenye kidonda. Mama alikuwa ameshatafuna nusu ya paja. Wifi alikuwa anajifuta vidole.

"Alisema iko na njaa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Usijali, nimemtolea beikoni. Kuku si ulisema alichinjwa na Mwislamu?"

Alikuwa ameimenya. Kama mtu anavyomenya karatasi ya pipi. Na sijui nilitaka kumpiga kwa sababu ni mbaya au kwa sababu si mbaya, kwa sababu alimtolea kweli, kwa uangalifu, akahakikisha hakuna hata kipande kilichobaki, na kichwani mwake mambo yalikuwa safi kabisa.

Kabla sijaweka sufuria chini, mama akanyoosha mkono akaokota ile bendeji ukingoni. Akaila. Akafumba macho.

"Tamu hii," akasema. "Nyama gani?"

Kila mtu aliangalia sahani yake.

"Nguruwe, bibi," akasema mwanangu.

Mama akaendelea kutafuna. "Nguruwe," akarudia, taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani ambaye hajawahi kukutana naye. Kisha akalamba kidole. "Alhamdulillahi. Niongezee."

Yule kijana akacheka. Hakukusudia, kilimtoka, lakini kilitoka. Wifi naye akapata nguvu. "Umeona? Hata haijui. Muache ale tu, iko na furaha. Mungu hapigi mtu haijui."

"Mimi najua," nikasema.

Nikaishika sahani. Mama akaishika upande wake. Mikono yake ina nguvu bado, mikono ya mwanamke aliyekanda unga maisha yake yote. Tukavutana, mimi na mama yangu, mbele ya wakwe zangu, mtoto mgongoni analia, mafuta yanamwagika kwenye kitambaa cha meza. "Mwizi!" akapiga kelele. "Ananinyang'anya! Mwanamke huyu ananinyima chakula!"

Na mume wangu, baba wa watoto wangu, kijiko mkononi, unajua alisema nini? "Cheri, polepole. Tuko mezani."

Tuko mezani. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo.

Aliyesimama ni mama mkwe. Mwanamke mzito, magoti yanamuuma, akiwa amekaa hainuki mpaka ashikwe mkono. Aliinuka mwenyewe. Akachukua trei nzima kutoka katikati ya meza, beikoni zote, akaipeleka jikoni akikokota miguu, na macho ya mume wangu yakaisindikiza mpaka mlangoni. Akarudi, akamwambia binti yake kwa Kinyarwanda, na mimi nawapa kwa Kiswahili: "Siku nikisahau rozari yangu, mtanifanyaje? Mtasema hajui, mvue?" Wifi akaanza kusema mama, mimi nili... Akamkata. "Nyamaza. Huyu ni bamwana wangu," akasema, jina ambalo wazazi huitana watoto wao wakioana. Akakaa karibu na mama, akajipakulia mchuzi kutoka sufuria mpya, akampakulia na yeye, akaanza kula ili mama aone.

Mama hakula. Akausogeza mbali. "Nataka ile," akasema, ananyooshea kidole jikoni. "Ile nyingine." Alilia kama anavyolia mtoto aliyeachishwa ziwa, mdomo wazi, hajifichi. Jioni nzima. Ile, ile, ile. Nilimpeleka chumbani nikamsukutua kwa maji, akaniuma kidole.

Sasa niwaambie kilichoniudhi kuliko yote. Wifi alikuwa na haki. Madrasa tulifundishwa kwamba aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi, kama mtoto mdogo, kama aliyelala. Mama hakukosa kitu. Mbinguni hakuna aliyeandika. Yote haya nayajua. Lakini mwanamke huyu alikataa ndizi yangu. Alikaa barazani kwangu akinywa chai iliyopoa miaka yote ile, alinipenda na akakataa ndizi yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kazi nzito, aliifanya kila siku peke yake. Mimi niliyetaka kwa roho yangu yote siku moja ale kwangu, nilipata. Alikula. Akaomba kuongezewa. Aliyekula hakuwa yule niliyemtaka mezani.

Mama mkwe alinikuta jikoni nikiosha trei. "Chumba ni cha mama yako," akasema. "Kijana atatafuta kwingine. Hakuna haja ya kukohoa." Akaenda zake. Kumbe walikuwa wanajua. Kumbe hata kuku haikuwa lazima.

Kwa hiyo chumba nilipewa, na mama nilikuwa naye. Mngedhani mambo yamekwisha.

Jumatatu asubuhi alidai ile tamu. Mume wangu, akivaa tai, akasema kwa mzaha, "Tumpe tu, atulie." Kwa mzaha, ndiyo. Najua alikuwa anatania. Nilimwangalia nikaona miaka inayokuja: mtu mmoja akitania, mwingine akihurumia, mwingine akimmenyea, na mimi mlinzi na mtoto mgongoni, kila siku, kila mlo. Nikisinzia mara moja tu, wamembadilisha.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuwa nimeliona kwa sababu nilikuwa najisifu jinsi alivyotulia. Tangu aje kwangu, hakuwa amesimama kuswali hata mara moja. Kule kwa kaka, pamoja na mkojo, pamoja na mkaa, adhana ikilia miguu yake inainuka yenyewe. Anatafuta birika. Watoto wa kaka wanamshika mkono, wanamgeuza upande unaotakiwa, yeye anasoma anachokikumbuka na kingine ananung'unika tu. Kinyinya, pale tulipo, adhana haifiki. Tunasikia mashine za zege. Nilijaribu. Nikafunga mtandio, nikasimama naye mchana chumbani kwake, nikaanza kwa sauti ili anifuate. Nikakwama. Maneno niliyokuwa nayasema usingizini nikiwa mdogo, nikakwama katikati kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limebomoka. Mama akanisubiri kidogo. Kisha akakaa kitandani.

Kwangu alikuwa na shuka safi. Shuka tu.

Nikafungasha mfuko wake. Nyamirambo, kaka aliniona nashuka naye kwenye teksi, akainua kichwa safari hii.

"Umechoka mapema, dada."

"Ukimwacha tena kwenye mkojo mpaka jioni," nikamwambia, "nitakuja hapa nikufedheheshe mbele ya wateja wako wote, nikimaliza nikuitie polisi."

"Amekula vizuri huko?" akauliza mke wake.

"Amekula."

Sikumwambia nini. Mpaka leo sijamwambia. Naenda kila baada ya siku moja, naosha, nafua, nabadilisha, mimi na mke wa kaka hatusemeshani sana lakini mkojo umepungua. Siku hiyo nilikuwa bado natafuta maneno ya kumuaga mama, adhana ya alasiri ikalia, karibu kama ilikuwa ndani ya nyumba. Akaachia mkono wangu. Akaenda kwenye birika. Hakugeuka, na sikutaka ageuke, maana angenikuta na uso ambao mtu haendi nao kwenye swala.

Mdogo wa mume wangu amehamia chumba cha nyuma. Sina la kumlaumu. Anavua viatu vya saruji nje, anasalimia, anabeba maji, anamchekesha mtoto. Namchukia kila anapofunga ule mlango, kisha najirudi namwekea chakula. Juzi aliniuliza kwa nini kitanda kile ni kifupi namna ile, anapokaa magoti yanamfika kifuani. Nilikuwa nimemwita seremala akate miguu ya kitanda, ili mama akianguka asianguke mbali.

Nikamwambia fundi alikosea vipimo.

"Hakuna shida, shemeji," akasema. Jioni akarudi kutoka kazini na matofali manne, akakiinua.